Mgeni wa Darini

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa kumi na moja na robo jioni, Marthe alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, anafumua upindo wa sketi ya shule, mnyama aliposhuka kutoka kwenye mti wa pichi na kuvuka ua. Alikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba, manyoya ya kijivu yasiyolala, uso mweupe uliochongoka, masikio meusi membamba, na mkia mtupu usio na unyoya hata mmoja. Alitembea bila haraka. Alikula konokono wawili chini ya bomba, akalamba vidole vyake, akapanda kwa bomba la maji ya mvua, akainua kwa pua bati lililolegea na kuingia darini. Marthe alimaliza upindo, akaupiga pasi, akachukua daftari lake akaenda darasani.

Darasa la jioni lilikuwa katika ukumbi wa kanisa moja kule Bertrams, mwendo wa robo saa kutoka nyumba ya Troyeville walimopanga chumba yeye na mumewe. Marthe alikuwa na miaka arobaini na moja na mimba ya miezi mitano. Shule aliiacha kwao Uvira akiwa sekondari mwaka wa pili, mwaka ambao walimu walikimbia kabla ya wanafunzi. Sasa alikuwa anasoma sayansi ya viumbe ili afanye mtihani wa kumaliza sekondari. Mimba ilikuja baada ya miaka kumi na sita ya kuomba, na kwake yeye kusoma na kuomba havikutofautiana sana. Vyote viwili ni kukaa mahali pamoja, kichwa umeinamisha, mpaka kitu kifunguke.

Mwalimu wao, Cyrus, alikuwa Mkenya aliyefanya kazi benki mchana na kufundisha bure jioni. Marthe alimchorea yule mnyama nyuma ya daftari. Alhamisi Cyrus alikuja na kitabu kikubwa cha wanyama kilichofungwa kwa mfuko wa plastiki.

“Ni oposumu huyu, Mama Marthe,” alisema. “Ni wa Amerika. Huku Afrika hakuna hata mmoja.”

“Yuko mmoja.”

Cyrus aliutazama tena ule mchoro. “Haya, yuko mmoja,” akasema, akamwachia kitabu.

Marthe alinakili ukurasa mzima, maelezo kwa kalamu ya bluu na vichwa vyake kwa nyekundu. Oposumu hubeba mimba siku kumi na tatu tu. Watoto huzaliwa wadogo kama nyuki, hawaoni, hawana masikio, ila mikono yao imekwisha kukamilika, na kwa mikono hiyo hupanda wenyewe juu ya tumbo la mama hadi ndani ya kifuko chake. Humo mna chuchu kumi na tatu, kumi na mbili zimekaa duara na moja iko katikati. Watoto wanaweza kuzaliwa hata ishirini. Mtoto akishashika chuchu, chuchu huvimba ndani ya mdomo wake, na kwa miezi miwili hawezi kuiachia wala kubanduliwa. Anayefika akakuta zote zimeshikwa hana pengine pa kwenda. Hapo Marthe aliweka kalamu chini, akanywa maji, akaendelea.

Wakitoka kifukoni watoto hupanda mgongoni kwa mama. Mmoja akianguka, hupiga sauti kama chafya, na mama humwitikia kwa kugonga ulimi. Asiposikia sauti, hageuki. Karibu na siku ya mia huachana nao. Akitishwa sana, oposumu huanguka akafa. Si ujanja, kitabu kilieleza, wala hachagui. Mwili wenyewe huamua, mdomo hubaki wazi, uvundo hutoka, na hali hiyo yaweza kuchukua hadi masaa manne, kisha masikio ndiyo yanayotikisika kwanza. Hana makao ya kudumu. Penye baridi, ncha za masikio yake huungua kwa jalidi. Hufikisha miaka miwili, mara chache mitatu.

Mumewe, Ruphin, mlinzi wa maegesho ya magari ya soko moja, alisomewa yote hayo huku anapiga rangi viatu vyake vya kazi.

“Kutoka Amerika mpaka hapa alifikaje?” aliuliza.

“Kitabu hakisemi.”

“Atakuwa alipitia Zambia.” Watu wote waliowafahamu walipitia Zambia. Ruphin alitemea rangi mate, akasugua. “Na huyo wa kufa masaa manne, huyo ni mtu wa Uvira kabisa.”

Mwezi huo Marthe alikwenda kliniki mara tatu na mara tatu alirudi bila kuvuka geti. Nje ya geti walisimama watu waliovaa fulana za rangi moja, wanawake kwa wanaume, nao ndio waliokuwa wakiomba kitambulisho cha raia. Hawakuwa wafanyakazi wa kliniki, walikuwa wenyeji wasiotaka wageni watibiwe humo. Wafanyakazi walikuwa ndani, Marthe aliwaona kupitia uzio, muuguzi mmoja anakunja shuka, mwingine anakunywa chai. Marthe alikuwa na karatasi ya ukimbizi iliyokwisha muda wake. Alikuwa ameomba mpya kwa barua pepe, na kwa miaka miwili ofisi ilikuwa inamjibu kwamba barua yake imepokelewa.

“Mama, kazalie kwenu,” mwanamke mmoja mwenye fulana alimwambia, si kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mwenzake kituo cha teksi.

Mara ya tatu, akioga baada ya kurudi, Marthe aligusa mkunjo wa ngozi chini ya kitovu ambao asubuhi haukuwapo. Aliingiza vidole viwili. Ndani kulikuwa na joto. Alivaa, akagonga chumba cha pili kwa Bi Biubwa, mjane wa Tanga aliyekuwa akiosha maiti wa kike katika msikiti mmoja wa Mayfair. Biubwa alivaa miwani, akampapasa, akanawa mikono.

“Ni kifuko,” alisema. “Usitie sabuni. Maji ya uvuguvugu, basi.”

“Bi Biubwa, hiyo si kawaida ya watu.”

“Kawaida ya watu ni kwenda kliniki, mwanangu. Umekwenda.”

Marthe alisali juu ya jambo hilo usiku na asubuhi. Hakuuliza kwa nini amepewa. Aliomba aelekezwe namna ya kukitumia.

Uchungu ulimshika tarehe kumi na nne mwezi wa tano, alfajiri, mimba ikiwa ya miezi sita. Jirani mwenye gari aliwapeleka. Watu wa fulana walikuwa wamekwisha fika, wamewasha moto ndani ya pipa kwa ajili ya baridi, na waliomba karatasi. Ruphin aliwaonyesha tumbo la mke wake. Waliomba karatasi. Muuguzi mmoja alifika mpaka kwenye geti, akasikiliza pande zote mbili, akarudi ndani kuuliza, na hawakumwona tena. Saa moja kasoro dakika kumi walikuwa wamerudi chumbani, na Bi Biubwa alikuwa ametandika kitanda kwa plastiki na kitenge.

“Kazi yangu ni wanaotoka,” Biubwa alisema huku anakunja mikono ya gauni. “Lakini mlango ni ule ule.”

Mtoto alizaliwa saa moja na nusu. Alienea kwenye kiganja. Macho yalikuwa yamefumba, ngozi nyembamba hata moyo ukionekana unavyopiga, na alipowekwa juu ya tumbo la mama hakulia. Alitanua vidole, akashika, akajivuta. Biubwa aliinua mkono Ruphin asimsaidie. Ilimchukua dakika kumi na moja kufika. Aliingia kifukoni, Marthe akasikia mdomo wake ukitafuta, ukipata, ukikaza.

“Msichana,” alisema Biubwa. “Benita,” alisema Marthe, kwani jina walikuwa nalo.

Kisha mwili wake ukakaza tena. Walikuwa wawili. Hakuna aliyejua kwamba ni wawili kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima. Wa pili alikuwa mvulana, mdogo kuliko dada yake, naye alipanda kwa njia ile ile, polepole zaidi, akipumzika penye kitovu. Alifika, akaingia. Marthe alimsikia akizunguka humo. Kifuko kilikuwa na chuchu moja.

Walisubiri. Marthe alikumbuka mstari aliouandika kwa bluu na hakuusema kwa sauti. Mvulana akatokeza kichwa nje, akabaki hapo kwenye ukingo, mdomo wazi.

“Mtoe huyo, mweke huyu kidogo,” Ruphin alisema. “Wapokezane.”

“Haitoki,” Marthe alisema. “Imeshavimba.”

Biubwa alimfunika mvulana kwa leso, akamweka kifuani, ndani ya nguo. Alikuwa ameshika miili mingi na alijua joto linavyoondoka, linaanzia wapi. Aliangalia dari.

“Yule wa juu,” alisema, “ana wangapi?”

Ruphin alileta ngazi ya mtunza nyumba. Alisogeza ubao wa dari, akaingia na tochi, Biubwa akamfuata na miaka yake sitini na mitatu. Oposumu alikuwa amelala juu ya majani makavu na mabaki ya vitambaa vya Marthe alivyovibeba kwa mkia. Aliwatazama. Alifungua mdomo na kuonyesha meno yake yote hamsini, kisha Biubwa akafungua leso, na mnyama akaufunga mdomo. Alilegeza kifuko. Ndani mlikuwa na watoto wanane, wa wiki mbili hivi. Chuchu tano hazikuwa na mtu, ila chuchu isiyonyonywa hukauka, na Biubwa alizibonyeza moja baada ya nyingine kwa kidole kidogo. Ya nne ilitoa tone.

Mvulana alijivuta mwenyewe kwenye manyoya. Ruphin, aliyekuwa ameshika tochi kwa mikono miwili, alisema jina lake, Hénock, ili asiingie bila jina.

Kuanzia siku hiyo Marthe aliweka chakula uani kila jioni: ugali, yai, ndizi iliyopitiliza. Saa kumi na moja na robo oposumu alishuka, akala, kisha akaja kukaa kwenye kizingiti karibu na Marthe na kulegeza kifuko. Marthe aliona mgongo wa mwanawe katikati ya migongo minane midogo zaidi. Alikuwa anakua, taratibu, maana maziwa yake yalikuwa ya mnyama mdogo. Wiki ya tano aliota manyoya mepesi mabegani. Marthe aligonga ulimi mara mbili, kama kitabu kilivyoelekeza, na kutoka kifukoni ilitoka chafya ndogo. Benita, ndani ya kifuko cha mama yake, alijibu kwa chafya nyingine. Mama wawili walikaa hivyo mpaka baridi ilipozidi, kisha kila mmoja akaenda kwake.

Majirani walijua. Kina mama wa kanisa walikuja na sabuni na uji wa mtama, wakaangalia kifukoni kwa zamu, wakasema mtoto amefanana na baba. Mmoja aliacha soksi mbili ndogo sana kwa ajili ya yule wa juu. Cyrus alipata habari darasani. Alitafuta katika kitabu kama oposumu anaweza kunyonyesha mtoto asiye wake, hakuona mahali palipokataza.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita ilikuwa siku ya shukrani. Kanisa lao lilikuwa juu ya gereji ya zamani kule Jeppestown, viti vya plastiki mia moja na ishirini, na spika mbili kubwa zilizoelekezwa dirishani ili Neno liwafikie wapitao njia. Walikuwa na desturi moja waliyoishika sana. Aliyetendewa jema alipaswa kusimama mbele na kulishuhudia, na mkalimani alilirudia kwa Kiingereza sentensi kwa sentensi, kwa sababu watoto wao hawakuelewa tena vizuri na kwa sababu huenda mgeni yuko miongoni mwao. Waliamini jema lisiloshuhudiwa halikai.

Kwenye ngazi, kabla ya kuingia, Ruphin alirekebisha tai yake.

“Na la darini niliseme?”

Marthe alifikiri. Benita alikuwa anacheza kifukoni, na mkono wa mama yake ulikuwa juu yake.

“Sema,” alisema. “Mungu ametenda chini na juu. Tukilikata nusu itakuwaje?”

Ruphin hakuwa msemaji. Siku hiyo alisema kwa dakika ishirini. Alitaja geti, pipa la moto, plastiki ya kitandani. Alitaja mtaa wao na namba ya nyumba, ili asionekane anatunga. Alisema juu ya dari yetu yuko mnyama wa Amerika, hana karatasi kama sisi, naye amempokea mtoto wangu bila kuuliza. Mkalimani, kijana mwenye sauti nzuri, alilirudia lote na hakuruka neno. Watu walipiga makofi, Pasta Gustave alifuta macho, na chini barabarani watu wachache walisimama kusikiliza, kama walivyosimama kila Jumapili.

Nani aliyepiga simu hakujulikana. Huenda alifikiri anafanya vema.

Jumanne saa tatu asubuhi walikuja wanaume wawili wenye ovaroli, wavu na karatasi. Karatasi ilisema mnyama si wa nchi hii na hana kibali cha kuwepo. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, alivua kofia akiongea na Marthe. Mdogo alipanda darini. Ilisikika purukushani fupi, kisha kimya, kisha harufu.

Walimshusha kwenye wavu. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi nje, ute wa kijani ukimtoka nyuma, vidole vimekunjamana. Watoto wake wanane walikuwa kifukoni, na wa tisa.

“Pole, mama,” yule mkubwa alisema. “Hatukumpiga. Amekufa tu.”

“Hajafa,” Marthe alisema. “Subirini masaa manne.”

“Masaa manne hatuna. Tuna nyumba sita kabla ya saa nane.”

Bi Biubwa alitoka na kanga yake kichwani, akamgusa mnyama shingoni, akamgusa chini ya kwapa. “Nimeosha maiti miaka thelathini,” alisema kwa Kizulu chake cha sokoni. “Huyu hajaenda popote.”

“Mwanangu yumo ndani,” Marthe alisema. “Ndani ya kifuko. Mfungue, utamwona.”

Mwanamume alivaa glavu, akajaribu. Lakini kifuko cha oposumu aliyekufa hujibana, na hakuna kidole kinachopita. Hilo nalo lilikuwa ukurasani, mstari wa kumi na tisa. Mwanamume alijaribu mara mbili, kwa adabu. Kisha alivua glavu, akatoa kalamu.

“Huyo mtoto ana cheti cha kuzaliwa?”

“Alizaliwa hapa chumbani.”

“Karatasi ya kliniki basi. Yoyote yenye jina lake, niiambatanishe.”

Marthe aliingia ndani, akatoka na daftari lake la sayansi ya viumbe. Mwanamume alilisoma, ukurasa wote, akamsifia mwandiko. Kisha kwenye fomu yake aliandika mnyama, jike, mmoja, amekufa. Waliweka mfuko mweusi nyuma ya gari.

Marthe alilifuata gari kwa miguu, mikono miwili chini ya tumbo ili Benita asitikisike. Alilifikia limesimama kwenye robot, taa za kuongozea magari, ya barabara kubwa, aligusa hata bati lake. Robot ikawa ya kijani.

Ruphin aliruhusiwa kutoka kazini saa sita. Walifika kwenye ua wa magari ya wale wenye ovaroli, mbali, upande wa mashariki, saa saba kasoro, na mlinzi wa getini aliwaomba kitambulisho. Ruphin naye alikuwa na sare ya ulinzi, walisalimiana kama watu wa kazi moja, mlinzi akasema eish, kaka, mimi nawaelewa, ila jina lisiloandikwa siwezi kuliingiza. Walisimama nje. Marthe alihesabu. Saa tatu na dakika kumi, kuongeza masaa manne, ni saa saba na dakika kumi. Saa saba na dakika kumi aligonga ulimi mara mbili kupitia uzio, na akaendelea kugonga mpaka mdomo ulipokauka. Saa nane mlinzi alikwenda kuwaangalizia. Alirudi na mfuko mweusi mikononi. Ulikuwa mtupu, umechanwa kutoka ndani.

“Ameondoka,” alisema. “Nyuma huko hatuna ukuta, kuna majani tu, mpaka kwenye vilima vya mchanga wa mgodi.”

Pasta Gustave alikuja jioni hiyo na wazee wawili. Walikaa, walisali, waliimba polepole. Mwishoni pasta alisema kwamba hata Hénock wa kwanza, yule wa Maandiko, alichukuliwa bila kufa.

“Yule alikuwa na miaka mia tatu na sitini na tano, Pasta,” Marthe alisema. “Huyu ana siku arobaini na nane.”

Pasta aliinamisha kichwa. Ruphin alikuwa juu ya ngazi, anaurudisha ubao wa dari mahali pake ingawa haukuhitajika tena. Tangu siku hiyo, kanisani, alikaa kiti cha mwisho karibu na ngazi, na akiitwa kushuhudia alitikisa kichwa. Nyumbani hawakulaumiana. Kila mmoja alikuwa na lake la kujilaumu na lilimtosha.

Oposumu harudi alikotoka. Marthe alijua, ila aliendelea kuweka yai na ndizi uani kila jioni, na paka wa mtaa walinenepa. Habari zilikuja kwa vipande. Wiki ya pili Bi Biubwa alirudi kutoka Mayfair akasema Abdulrahman, Msomali mwenye duka la mazulia, aliona mnyama juu ya banda lake, amebeba kundi mgongoni, mmoja mkubwa kuliko wenziwe. Huyo mkubwa alipiga chafya, Abdulrahman akamwombea rehema kama unavyomwombea mtu yeyote, akaacha maziwa kwenye kisahani. Baadaye alionekana Jeppestown, kwenye bweni la wafanyakazi. Baadaye tena karibu na reli. Kila mara Marthe alikwenda siku iliyofuata, akakuta kisahani.

Mwezi wa saba jalidi ilianguka asubuhi nne mfululizo. Marthe alimrudishia Cyrus kitabu chake.

“Mwalimu, kuna kitu nimetafuta humu sijaona. Kinaeleza mama akiondoka watoto wanakuwaje. Mama akibaki anakuwaje, hakielezi.”

Cyrus alikifungua, akasoma ukurasa ule akiwa amesimama, koti bado mwilini. “Hapana,” alisema. “Hakijasema.” Alimsogezea kiti, wakaanza somo la jioni hiyo, mzunguko wa damu.

Tarehe kumi na tisa mwezi wa nane Benita alitoka kifukoni kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mtoto kamili, macho wazi, anatafuta mwanga. Kifuko kilijifunga nyuma yake na kuacha mstari mwembamba chini ya kitovu, kama upindo ulioshonwa kwa mkono na mtu anayejua kazi. Siku iliyofuata Marthe alimfunga mgongoni kwa kitenge akampeleka kuchanjwa. Njiani hakuna aliyemtazama mara mbili. Alikuwa mama aliyebeba mtoto.

Pipa la moto lilikuwa mahali pake. Safari hii mwanamke mwenye fulana alikuwa na orodha.

“Karatasi?”

Marthe alitoa aliyokuwa nayo.

“Hii imekwisha. Una watoto wangapi?”

“Wawili.”

“Wa pili yuko wapi?”

“Anatembea.”

Mwanamke aliangalia nyuma ya Marthe, hakuona mtu, akachora mstari kwenye orodha. “Sogea pembeni, mama.”

Marthe alisogea pembeni. Pembeni palikuwa na wengine tayari, karibu na uzio, Wakongo, Wamalawi, Mrundi mmoja mwenye mguu uliovimba, na mtu alimpisha kwenye kreti ya soda. Alikaa hapo siku nzima. Saa kumi na nusu watu wa fulana walizima moto, wakaagana, wakaenda zao, lakini wakati huo geti lilikuwa limeshafungwa kutoka ndani.

Saa kumi na moja na robo oposumu alitokea juu ya paa la kliniki.

Alikuja kutoka upande wa chumba cha kujifungulia, ndani ya uzio, anafuata mgongo wa bati. Ncha za masikio yake zilikuwa zimeungua na jalidi, na alikuwa amekonda. Wale wanane walikuwa wameshashika njia zao. Mgongoni alibaki mmoja, ameshika manyoya kwa ngumi mbili, shavu limelalia bega la mnyama. Ilikuwa siku yake ya tisini na nane. Muuguzi alitoka kwa mlango wa nyuma, akaweka bakuli la maji ukingoni mwa ukuta, akarudi ndani. Yaelekea alikuwa anafanya hivyo kila jioni.

Marthe alisimama. Alishika uzio, akagonga ulimi mara mbili.

Hénock aliinua kichwa. Alikuwa na paji la uso la Ruphin. Alipiga chafya ndogo, na mgongoni kwa Marthe Benita naye akapiga, na oposumu, aliposikia sauti, alisimama kama inavyompasa. Aligeuza shingo kuangalia kama kuna aliyeanguka. Mtoto wake alikuwa mgongoni, ameshika vizuri. Hakuna aliyeanguka. Alikunywa maji, akapanda tena, akaendelea na safari yake juu ya paa, upande wa pili.

Asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, Marthe alirudi getini na Benita mgongoni. Waliomba karatasi. Akasogea pembeni, akachagua mahali ambapo paa lilionekana lote.